Dadu ya Kupoa

"Mimi nimeua joka," alisema Duane. "Joka zima, lenye mabawa! Watu wakanifanyia karamu, wakanichinjia ng'ombe. Leo nimekuwa nini? Mlinzi wa matope."

"Si matope, ni kalibu ya kumiminia kengele," alisema Mzee Leland.

"Na yanakauka?"

"Yanakauka."

"Jumamosi iliyopita pia yalikuwa yanakauka."

Marlys alijikaza asicheke. Duane alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na akichekewa kidogo tu hanyamazi tena. Isitoshe, Marlys ndiye aliyekuwa mwenye meza, na mwenye meza hachekelei upande mmoja. Yeye ndiye anayeisema dunia ya mchezo. Akisema mvua inanyesha, wote wamelowa. Akisema mlango umefungwa, umefungwa, hata ulie. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, anamsemea na kumwamulia, na jambo likiwa linaweza kwenda huku au kule, hurushwa dadu yenye nyuso ishirini, nayo ndiyo inayokata shauri. Duane alikuwa shujaa wa shoka. Rhonda mkewe alikuwa mchawi wa moto. Mzee Leland alikuwa kibeti mhunzi mwenye ndevu za kufika kiunoni, ingawa yeye mwenyewe kichwani hakubakiwa na kitu.

Na tangu theluji ya kwanza ilipofunga barabara za huko Wisconsin, kazi ya watu hao wote watatu ilikuwa moja tu: kutengeneza kengele.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Bonde moja katika hadithi lilikuwa limeingiwa na ukungu unaomeza watu. Waliopotea humo hawakufa, walikuwa wakizunguka tu bila kuona, na kitu pekee cha kuwaongoza nje kilikuwa sauti ya kengele kubwa. Meza nyingine yoyote, kengele ingenunuliwa sokoni kwa dhahabu, au ingeibwa hekaluni, mambo yakaisha kabla ya chakula. Lakini Mzee Leland alikuwa amekwisha kuleta sheria zake. Alizipiga chapa mwenyewe, akazibana kwa pini, akazigawa kama mtu anayegawa kadi za harusi. Alikuwa amechoka, alisema, kuona mtu anatamka "natengeneza upanga," anarusha dadu mara moja, na upanga huo hapo unadondoka kama soda kwenye mashine. Kitu kina udongo wake, kina moto wake, kina siku zake. Na kinaweza kukuharibikia.

Basi wakatengeneza kengele kwa sheria. Udongo una dadu yake. Ukichanganya udongo, utie manyoya ya mbuzi na samadi ya farasi, la sivyo kalibu itapasuka kwenye moto. Na nani aliyetumwa samadi? Duane!

"Shujaa mzima!" alipiga kelele siku hiyo. "Mabinti wa mji wananiona nimeinama nyuma ya farasi!"

Rhonda alicheka mpaka soda ikamtokea puani.

Mnaona, walilalamika lakini walikuja. Kila Jumamosi mchana walishuka ngazi za nyumba ya Marlys, wakakaa kwenye chumba cha chini ya ardhi karibu na friji kubwa ya nyama ya kulungu, wakakung'uta theluji na kuuliza kengele imefika wapi.

Aliyemtia Marlys wasiwasi alikuwa mzee mwenyewe. Leland alikuwa amefanya kazi kiwanda kimoja na marehemu baba yao, kiwanda cha kuyeyusha chuma. Alikuwa fundi wa violezo: anachonga kwa mti umbo la kitu, mchanga unalishika umbo hilo, kisha chuma kinamiminwa palepale ulipokuwa mti. Mikono yake ilisifika mji mzima. Sasa mikono hiyohiyo ilikuwa inatetemeka. Mwishoni mwa kiangazi alirusha dadu ikaruka nje ya meza.

"Ya chini haihesabiwi!" Duane alisema, maana ndiyo desturi dadu ikianguka sakafuni, na hakuwa na nia mbaya. Mzee akarusha tena, ikaanguka tena. Akarusha tena, ikaanguka tena. Leland aliisukuma dadu polepole mpaka mbele ya Rhonda, akasema, "Nirushie wewe, mwanangu. Wewe una bahati." Tangu siku hiyo aliikalia mikono yake, na Rhonda akawa mrushaji wake, na meza nzima ikajifanya haioni. Watu wa kule ni mabingwa wa kujifanya hawaoni. Nyumba inaweza kuwaka, wakakuuliza kama utaongeza kahawa.

Halafu Jumamosi iliyopita, akivaa mabuti pale kwenye ngazi, mzee alisema bila kuinua uso, "Tukimaliza hii kengele, Marlys, nitapumzika kuja. Nawachelewesha vijana."

"Humcheleweshi mtu, Mzee Leland."

"Nawachelewesha," alisema, akatoka.

Neno hilo lilimkaa Marlys rohoni wiki nzima. Mkewe mzee alikwisha kufa. Mwanawe yuko Arizona, anapiga simu Jumapili. Akiondoka kwenye meza ile, anabaki na nini? Televisheni, na dirisha linalotazama theluji ya jirani. Marlys akapiga moyo konde: huyu haondoki. Na akaona njia ni moja. Kengele itoke nzima, ilie vizuri, mzee apate hamu. Fundi aliyefaulu hutaka kutengeneza kitu kingine. Aliyeharibikiwa huenda nyumbani. Ndivyo alivyowaza, masikini, na aliwaza kwa upendo.

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika. Kalibu ilikauka, Duane akashukuru malaika wote. Shaba na bati vikayeyuka pamoja, dadu ya Rhonda ikatoa namba nzuri. Wakamimina, dadu ikatoa namba nzuri zaidi. Ikabaki hatua moja, kupoa. Kalibu imezikwa shimoni, udongo umeshindiliwa pande zote, na kengele ndani yake inapoa polepole. Ikipoa vibaya, inaingia ufa.

Hapo palikuwa na sheria ambayo mzee aliiandika kwa herufi nzito: *Kilichozikwa hakionwi na fundi. Dadu ya kupoa itarushwa na mwenye meza, kwa siri.* Ndiyo kusema Marlys ataitupa nyuma ya kile kibao cha kadibodi kinachosimama mbele ya mwenye meza kuficha mambo yake, kisha atatangaza. Na desturi ya meza zote duniani ni kwamba namba iliyoanguka nyuma ya kadibodi haiulizwi.

"Inatakiwa kumi na moja au zaidi," alisema Leland. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Haya, bismillah," ndivyo ambavyo angesema mtu wa kwetu. Duane alisema tu, "Tupa, dada, kabla sijazeeka."

Marlys akatupa. Dadu ikagonga kadibodi, ikazunguka, ikatulia.

Tatu.

Aliitazama tatu ile, nayo ikamtazama. Akainua macho. Rhonda alikuwa ameshika kidani chake. Duane, yule mlalamishi, alikuwa ameacha kutafuna. Na Mzee Leland alikuwa ameegemea mbele, mikono chini ya mapaja, macho yamemtoka kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe.

"Mnafukua," alisema Marlys taratibu. "Mnavunja udongo. Kengele imetoka... nzima."

Loo! Duane aliruka mpaka kiti kikaanguka. Rhonda alimkumbatia mzee shingoni. Leland akacheka kicheko ambacho Marlys hakuwa amekisikia tangu baba yao alipokuwa hai, akasema, "Ngoja, ngoja, bado haijagongwa. Naigonga kwa nyundo ya mti. Inasemaje?"

Na Marlys akaisema sauti yake. Aliisema vizuri, Mungu amsamehe, maana kipaji anacho. Akasema jinsi sauti ilivyotanda bondeni, ikaingia ukunguni, na mahali fulani mbali sana mtu akaacha kuzunguka, akageuza kichwa.

Machozi yalimlengalenga Rhonda.

"Tule," alisema Marlys, akasimama haraka. Dadu hakuigusa. Ilikuwa tabia yake kuiacha ilivyoanguka mpaka watakaporudi mezani.

Jikoni soseji zilikuwa zimechemka kwenye bia na vitunguu, na jibini la kukaanga lilikuwa kwenye oveni likisubiri. Alisikia hatua ngazini. Ni Leland, amekuja kusaidia kubeba. Sahani haziwezi, wote wawili wanajua. Akachukua chupa ya haradali, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Nikwambie kitu, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nimesema nitaacha kuja."

"Ulisema."

"Nafuta. Nakuja. Nataka kuwatengenezea daraja humo bondeni."

Marlys akageukia jiko ili asionekane uso. Imefanikiwa! Moyo ulimwambia hivyo.

"Sijui kama nilipata kukueleza nilivyoondoka kiwandani," Leland akaendelea. "Mikono ilianza kutetemeka kabla sijastaafu. Mwaka mzima kabla. Nilijua violezo vyangu haviko sawa, lakini kila nikiuliza, 'Kimekaaje?', naambiwa, 'Safi, mzee, safi kabisa.' Nikaanza kuamini. Nikasema labda ni macho yangu yanayoniongopea, mikono bado ipo. Siku ya kuniaga wakanipigia makofi, wakakata keki. Nikaenda nyuma kuvuta hewa kidogo, karibu na pipa la taka za mbao." Akaitazama ile haradali. "Vilikuwa humo. Violezo vyangu, vya mwaka mzima. Vijana walikuwa wanangoja niende nyumbani, wanachonga upya."

"Mzee Leland..."

"Walinipenda, najua. Baba yako angekuwepo angefanya vilevile. Lakini mwaka mzima, Marlys, nilipigiwa makofi kwa kazi isiyokuwa yangu. Huwezi kujua inavyouma. Hujui tena lini ulikuwa fundi na lini ulikuwa mtoto wa kubembelezwa. Ndiyo maana niliandika zile sheria. Hapa kwako ikipasuka imepasuka, na ikitoka nzima, basi ni nzima kweli. Hii kengele..." Akacheka, akajifuta jicho kwa bega. "Kengele ya maneno matupu, na mimi mzee mzima! Lakini ndicho kitu cha kwanza tangu siku ile ambacho najua ni changu."

Akashuka na haradali yake.

Marlys alibaki ameshika ukingo wa jiko. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni. Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Kushuka, kufagia ile dadu kwa kiganja, kula soseji, na mzee atakuja Jumamosi ijayo na nyingine zote, mwenye furaha. Si ndicho alichokitaka? Na akisema, atakuwa amemvunja mtu mbele ya watu, na pengine mlango wa nyumba hii hataufungua tena. Alisimama pale mpaka jibini likaanza kunuka kuungua. Akaizima oveni, akashuka mikono mitupu.

"Chakula kiko wapi?" aliuliza Duane.

Marlys hakukaa. Alishika kile kibao cha kadibodi kwa mikono yote miwili, akakilaza chini. Jambo hilo hakuwahi kulifanya tangu meza ile ianze.

Dadu ilikuwa palepale, tatu juu.

"Ilianguka hivi," alisema. "Ndiyo dadu ya kupoa. Sikuigusa."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha Rhonda akaelewa, akaweka mkono mdomoni. "Wifi! Hukufanya hivyo."

"Nimefanya. Kengele ilipasuka, Mzee Leland. Nimekudanganya."

Mzee aliitazama dadu. Ile furaha haikumtoka kwa mara moja, ilimtoka taratibu, na kuitazama ikitoka ndiyo ilikuwa adhabu.

"Kwa nini?"

Marlys alikuwa na majibu mengi, lakini la kweli lilikuwa moja. "Nilikuonea huruma. Niliogopa utaacha kuja."

"Huruma," alisema Leland.

Akainuka. Akachukua koti lake kwenye msumari, akalivaa, akaanza kushika zipu. Zipu haikukubali. Vidole viliikosa, vikaikosa tena, na hakuna aliyethubutu kwenda kumsaidia wala aliyeweza kutazama pembeni. Marlys alilia wazi, bila kujificha.

Ni Duane aliyeanza kusema. Duane ana mdomo usio na breki, na mkewe ameshaombea sana mdomo huo.

"Sasa unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Na ukungu? Watu wamo humo wanazunguka. Mimi nimeokota mavi ya farasi kwa ajili ya hii kengele, mzee, usiniache hivi. Zibeni basi huo ufa. Si wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Ufa wa ukuta ndio unaozibwa," Leland alisema, na ufundi ukamshinda nguvu hata akiwa na hasira. "Wa kengele hauzibwi. Unayeyusha, unaanza upya."

"Na shaba je? Imepotea?"

"Shaba haipotei."

"Nani kasema?"

Leland aliachia zipu. "Mimi. Ukurasa wa mwisho."

"Basi vua koti. Tunaanza na makaa, si ndiyo? Na safari hii urushe mwenyewe. Nimechoka kuona mke wangu anakurushia, bahati yake yote anakumalizia wewe, nyumbani hatushindi hata bahati nasibu."

"Duane," alisema Rhonda kwa onyo.

"Mikono yangu unaiona," alisema Leland.

"Naiona. Kwani kipofu mimi?" Duane akaokota dadu, akaifumba kiganjani, akaanza kuitikisa juu ya sikio lake kama anavyofanya siku zote. "Sisi wengine hapa tunatikisa mpaka bega linauma ndiyo turushe. Wewe mkono wako unajitikisa wenyewe. Halafu eti ndiye unayekataa kurusha!"

Rhonda alifumba macho. Marlys alitamani ardhi ipasuke imchukue yeye na mdogo wake pamoja.

Leland alimkazia macho Duane. Halafu mdomo wake ukaanza kucheza. Kicheko kikamtoka, kwanza puani, kisha kifuani, mpaka akashika ukuta.

"Mjinga wewe," alisema. "Baba yako alikuwa mjinga vilevile." Akavuta kiti, akakaa na koti lake lisilofungwa, akanyoosha kiganja. "Lete hapa."

Duane akamwekea dadu. Mkono ulitetemeka mbele ya watu wote, na safari hii wote waliutazama. Dadu ilicheza ndani yake, ikatoka, ikapita sahani, ikapita ukingo wa meza, ikaanguka sakafuni na kubingirika chini ya friji.

Duane alikuwa ameshalala kifudifudi kabla haijasimama, shavu limebana saruji, mkono umeingia mpaka begani.

"Naiona! Kumi na tisa, mzee! Kumi na tisa, naapa, njooni muone!"

Marlys akamtazama Leland. Leland alikuwa ameshanyoosha kiganja tena.

"Ya chini haihesabiwi," alisema mzee. "Lete."

Akarusha. Safari hii ilibaki mezani. Ilizunguka karibu na chupa ya haradali, ikayumba, ikalala. Ilikuwa nne.

Wote wakamgeukia mwenye meza. Kadibodi ilikuwa bado imelala, hapakuwa na pa kujifichia. Marlys alijifuta pua kwa mkono wa sweta, akamtazama mzee machoni.

"Makaa yamelowa," alisema. "Moto haushiki. Imeshindikana, Mzee Leland. Leo huyeyushi kitu."

Leland alitikisa kichwa kukubali, mara mbili tatu, kama mtu aliyeletewa habari njema. Kisha akavua koti, akalitundika mgongoni mwa kiti.

"Basi Jumamosi nakuja kutafuta makavu," alisema. "Hizo soseji ziko wapi?"